Bangili Ambayo Kajori Hakuivaa

"Weka sinia chini, Kajori! Mke wa mtu, mkono mtupu kama mjane! Unataka kumpokea bibi harusi kwa nuksi?"

Shangazi Hemlata, dada wa baba mkwe wa Kajori, alibwata pale mlangoni, mbele ya wanawake wote wa mtaa wa wachonga bangili, mjini Bishnupur. Gari la maharusi lilishafika kona ya hekalu. Mama mkwe alikuwa marehemu, hivyo kumpokea bibi harusi kwa sinia la baraka ilikuwa haki ya Kajori, mke wa kaka mkubwa wa bwana harusi.

Mkono wake wa kulia ulikuwa na bangili nyeupe ya kombe la baharini, ambayo kwa mila yao mke huivaa mikono yote miwili maadamu mumewe yu hai. Wa kushoto ulikuwa umevimba tangu alipokatwa titi kwa saratani, na daktari alisema uvimbe ule ni wa maisha, mkono usivishwe kitu.

Simu yake ikatetema. Ujumbe wa mumewe, Nirupam, kutoka karakana yake ya bangili: "Usibishane na Shangazi. Nakuja na dawa yake."

Punde Nirupam akafika akihema, vumbi la kombe hadi kwenye nyusi, mkononi bangili pana ajabu.

"Nimeichonga leo. Haitakubana hata kidogo."

"Niru, daktari alisemaje? Au na wewe unanionea haya?"

"Haya? Mimi?"

"Basi hii ya nini?"

Nirupam akainamisha kichwa. "Nilitaka wanyamaze tu. Naumia wakikusema."

Hasira zikampungua Kajori, lakini msimamo haukupungua. Akaitupa ncha ya sari nyuma ya bega, mkono wote ukaonekana, mnene, ngozi imevutika.

"Hawatanyamaza, Niru. Watazoea. Shangazi, tazama vizuri! Nimechomwa sindano, nimenyonyoka nywele, nimekatwa, na bado nimesimama mlangoni kwangu. Nuksi iko wapi hapo?"

"Na mumeo je? Bangili ile ndiyo uhai wake!"

"Shangazi," Nirupam akadakia, "mimi ndiye ninayezichonga. Uhai wangu haumo humo. Uhai wangu ndio huyu aliyeshika sinia."

Akaitia bangili mfukoni, akasimama kando ya mkewe, kifua mbele. Shangazi akafyonza, ila akapisha njia.

Bibi harusi, Oishi, akashuka garini. Kajori akaliinua sinia kwa mikono miwili, akalizungusha mbele ya uso wa bibi harusi. Upande wa kushoto sinia likainama.

"Dada," Oishi akanong'ona, "mkono unauma?"

"Unauma. Inua uso, mdogo wangu, watu wakuone."