Maji ya Vikombe na Meno ya Bibi

Kila siku baada ya shule, Anneth alivua sare, akajifunga kanga kiunoni na kwenda nyuma ya mgahawa wa mama yake kuosha vikombe. Mgahawa ulikuwa wa mbao na mabati, jirani na maegesho ya malori pale Nyakanazi, na madereva wa masafa marefu hawakuupita, kwa kuwa mama yake, Priscila, alijua kupika maharage. Shida ya madereva ni chai tu. Wanaitaka nzito, nyeusi, na chai ya namna hiyo huacha vikombe vya plastiki na rangi ya matope ndani. Kwa Anneth hilo halikuwa neno. Alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni, akatia dawa ya madoa, ile ya chupa ambayo harufu yake huchoma pua, kisha akavizamisha vikombe humo mpaka viwe vyeupe. Hakuna mtu aliyeweza kumfundisha habari za vikombe, na mwenyewe alilijua hilo kupita kiasi.

Mwezi huo bibi yake, Ildefonsa, mama mzazi wa Priscila, alikuwa amekuja kutoka Ngara ili asikose kipaimara cha mjukuu wake. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye kisukari na vidonge vyake vya kila asubuhi. Meno yake ya mbele ya juu yalikuwa ya bandia, yamepangwa kwenye bamba la plastiki la rangi ya waridi, na bamba lilijishikiza kwenye magego yake kwa vishikizo vya waya. Alipolala mchana aliyavua na kuyatia kwenye bakuli la maji kando ya kitanda. Miaka mingi ya kahawa ilikuwa imeyatia rangi ya kutu.

Anneth hakuwahi kuyaona mabaya mpaka Joan alipofungua mdomo. Joan alikuwa rafiki yake wa darasani, naye siku moja alimpitia waende mafundisho ya kipaimara. Bibi aliwatania kidogo, akacheka. Walipofika barabarani Joan akauliza, "We Anneth, utapiga picha na bibi yako hivyohivyo? Na meno yale? Mbele ya askofu?"

Anneth akacheka kama vile hakujali, lakini alijali sana. Njia nzima aliona aibu, na jioni bibi alipocheka mbele ya madereva, alitamani mzee afumbe mdomo.

Ijumaa mchana, bibi akiwa amelala, Anneth alilichukua lile bakuli taratibu akaenda nalo jikoni. Plastiki ni plastiki, alijiambia. Maji yalikuwa yanatokota. Akayamimina, akatia dawa ya madoa bila kupima, akayatumbukiza meno na kuendelea na sufuria zake.

Alipoyatoa, meno yalikuwa meupe kweli, lakini si meno peke yake. Lile bamba la waridi nalo lilikuwa limepauka, waya zimeingia weusi, na ukingo wa upande mmoja ulikuwa umejikunja. Anneth alijaribu kuukunjua kwa kidole, haukukunjuka. Akayasuuza harakaharaka, akayarudisha kwenye bakuli kando ya kitanda na kuomba Mungu bibi asione kitu.

Bibi alipoamka aliona mara moja. "Nani ameyaosha?"

"Mimi, Bibi."

"Umeyaosha na nini mpaka yakang'aa hivi?"

"Sabuni tu, Bibi."

Neno lilitoka jepesi, kama mtu anavyosema shikamoo. Bibi akayatia mdomoni, akayasukuma kwa dole gumba, na uso ukamkunjamana. Kisha akatabasamu, akamshika Anneth mashavu yote mawili. "Mjukuu wangu, wanangu wa kuzaa hawajawahi kuyagusa meno haya. Wanaona kinyaa. Wewe umeyashika kwa mikono yako. Mungu akubariki."

Anneth hakuweza kumtazama. Alisema sufuria inaungua, akakimbia.

Jumapili ya kipaimara bibi alitabasamu kanisani tangu mwanzo hadi mwisho. Picha zilipigwa, na Joan mwenyewe alisema, "Leo bibi yako amependeza." Nyumbani kulikuwa na wali, nyama na ndizi za kupika, lakini sahani ya bibi ilibaki vilevile. Alisema ameshiba furaha. Anneth, aliyekaa karibu naye, alimwona akijifuta midomo kwa leso kisha akaikunja leso upesi. Ilikuwa na damu.

Tangu siku hiyo bibi alianza kuacha kula. Kwanza aliacha nyama, kisha ndizi, na mwishowe hata uji aliuonja tu na kuusogeza kando. Priscila alibembeleza, akapika mtori, akapika samaki bila pilipili. "Sina hamu, mwanangu," bibi alijibu. Vidonge vya kisukari, hata hivyo, hakuviacha, kwa sababu aliambiwa hospitali asiviache. Mashavu yaliingia ndani na sauti ikapungua. Madereva waliozoea utani wake walianza kuuliza kama mzee ni mgonjwa.

Anneth alijua, na kujua kwenyewe kulikuwa mzigo. Darasani mwalimu aliuliza jambo yeye akaona ubao tu. Kila asubuhi aliazimia kusema, na kila jioni akaona kwamba sasa kusema kumekuwa kugumu kuliko jana, kwa kuwa sasa angelazimika pia kueleza kwa nini jana alinyamaza. Siku moja alijitahidi. "Bibi, kwa nini usiyavue meno upumzike?"

"Niyavue kwa nini, na umeyaosha vizuri hivi?" alijibu bibi, akajaribu kutabasamu. Anneth akaenda kulia nyuma ya choo.

Asubuhi moja alimpelekea bibi maji ya kunawa, akamkuta amelowa jasho, mikono inatetemeka, macho yanatazama bila kuona. Bibi alimwita kwa jina ambalo si lake. Anneth alipiga kelele. Priscila akaja mbio na mwiko mkononi, na nyuma yake Malongo, jirani mwenye gari dogo la mizigo, aliyekuwa anakunywa chai.

"Sukari imeshuka huyu!" Malongo alisema. "Mama yangu alikuwa hivihivi. Leteni maji ya sukari, mmnyweshe kidogokidogo!"

Walimnywesha mpaka akaweza kutamka jina la binti yake, kisha wakampakia kwenye gari kwenda hospitali Biharamulo. Anneth aling'ang'ania mlango wa gari mpaka mama yake akamwambia apande. Njia nzima alishika miguu ya bibi iliyokuwa ya baridi. Bibi akifa, alijiambia, nimemuua mimi.

Hospitalini walisema vidonge bila chakula ndivyo vilivyoishusha sukari, wakamtundikia dripu, na baada ya muda macho yake yakarudi. Muuguzi alipoyatoa yale meno, bibi aliugua kwa uchungu. Fizi na kaakaa vilikuwa vimechubuka, na juu yake kuna vidonda vyenye utando mweupe. Wakamwita daktari wa kinywa na meno, Dakta Kazimili, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Alimulika mdomo kwa tochi kwa muda mrefu, kisha akayageuza meno mkononi.

"Bibi husafisha meno haya na nini?"

"Sabuni ya kawaida, daktari," Priscila alijibu. "Hata mtoto aliyaosha juzijuzi, na sabuni hiyohiyo."

Daktari alitikisa kichwa. "Meno yenyewe yamechoka. Siwezi kujua kama ndiyo yaliyoleta vidonda au vidonda vilitangulia. Mtu mzima, ana kisukari, anakonda, ana utando wa namna hii. Sipendi kubahatisha. Itabidi aende hospitali kubwa Mwanza wakate kipande cha nyama wapime. Inaweza kuwa saratani."

Priscila alikaa chini kwenye sakafu, akaweka mikono kichwani. Daktari akachukua kalamu. Anneth alitazama ile kalamu, kisha akamtazama mama yake. Aliona bibi akikatwa mdomo kwa ugonjwa asio nao.

"Si sabuni," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akasema tena, kwa sauti iliyomshtua mwenyewe. "Daktari, si sabuni! Niliyachemshia maji ya moto. Nikatia dawa ya madoa. Ile ya vikombe."

Kalamu ikasimama. "Maji ya moto kiasi gani?"

"Yaliyokuwa yanatokota."

Dakta Kazimili aliyaweka meno dirishani kwenye mwanga, akafuata ule ukingo kwa kidole, akatazama waya. Akashusha pumzi. "Basi ndiyo maana. Plastiki hii haihimili maji yanayotokota, inajikunja. Ikijikunja hata kidogo tu, kila akitafuna inamchubua. Dawa ya madoa imelipausha bamba na kula waya, na huenda ilibaki humo ikamchoma fizi. Mtu mwenye kisukari vidonda vyake havina haraka ya kupona." Akamgeukia Priscila. "Mama, inuka. Tutayaacha nje meno haya, tutatibu vidonda, atakula vyakula laini. Visipopona ndipo tutazungumza habari za Mwanza."

Priscila aliinuka, na macho yake hayakuwa na huruma. "Anneth! Siku zote hizi unanitazama nikihangaika na uji?"

Bibi aliinua mkono kutoka kitandani. Bila meno maneno yake yalikuwa mapana, lakini yalieleweka. "Mwache. Mimi ndiye niliyekaa na maumivu nikanyamaza. Nilijua tangu siku ya kwanza yananibana. Nilisema nikiyavua, mtoto atajua ameyaharibu, na yeye aliyaosha kwa kunipenda."

Hapo Anneth angeweza kuishia. Alikuwa amesamehewa hata kabla ya kuomba. Lakini maneno ya bibi yalimchoma kuliko ya mama yake.

"Sikuyaosha kwa kukupenda, Bibi," alisema huku analia. "Niliona aibu. Joan aliyacheka. Sikutaka kupiga picha na wewe ukiwa na meno vile."

Bibi akageuza uso ukutani. Alibaki hivyo mpaka walipoondoka, na Anneth alirudi Nyakanazi akiwa amekaa nyuma ya gari la Malongo, hana hamu ya kuishi.

Vidonda vilichukua muda, lakini vilipona. Bibi alikula uji, mtori na viazi vilivyopondwa, mashavu yakarudi. Dakta Kazimili alichukua vipimo vya mdomo wake, na meno mapya yalipokuwa tayari akayakabidhi pamoja na maelekezo: brashi laini, maji yasiyo ya moto, sabuni kidogo, na usiku yalale kwenye maji safi. Maji yanayotokota na dawa ya madoa, marufuku.

Siku waliyotoka kuyachukua, bibi alimwita Anneth, akampigia kitanda kwa kiganja akae karibu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitalini.

"Nilikukasirikia," alisema. "Sitakudanganya tena. Kuonewa aibu na mjukuu wako kunauma kuliko vidonda."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekwisha kusamehe. Lakini sikiliza, na mimi nisikie ninachosema, maana kinanihusu. Ungesema siku ileile, ningekasirika jioni moja, tungeyapeleka meno kwa daktari, basi. Na mimi ningesema yananiuma, ungelia jioni moja, basi. Wewe ulificha kwa woga, mimi nikaficha kwa upendo, na vidonda havikujali tofauti yake. Vilizidi tu. Ilibaki kidogo nife, na mama yako akakaa chini hospitalini akiomboleza saratani isiyokuwepo. Mtu akiharibu kitu, aseme kimeharibika. Mtu akiumia, aseme anaumia. Anayetaka kukusaidia hawezi kusaidia asichoambiwa."

"Nitasema, Bibi. Hata kama ni baya."

"Hasa likiwa baya," alisema bibi, akamvuta kifuani.