Tanbihi ya Kumi na Saba

"Mbona huli, Daktari? Au tambi zimekutukana?"

Gu Eun-sol akachukua vijiti, akavizungusha kwenye bakuli la tambi baridi, akavirudisha mezani. Julai ilikuwa inaunguza Seoul, na mgahawa ulijaa watu wa maofisini, kila mmoja anakula kama anafukuzwa. Mbele yake alikuwa Pyo Tae-gyeong, ofisa wa wizarani, mpenzi wake wa mwaka na miezi miwili. Yalikuwa mapenzi ya kujibanza kona. Tae-gyeong alikuwa kwenye timu ya mazungumzo ya mpaka wa uvuvi na nchi jirani, na Eun-sol ni mtafiti mwandamizi wa taasisi ya mambo ya nje, wale watu wanaolipwa kufikiri, na alichokuwa akikifikiria mwaka mzima ni mazungumzo hayohayo. Wakijulikana, kila mmoja angehojiwa na wakubwa wake kazini.

Tae-gyeong alikuwa na habari mbaya. Wakaguzi wa wizara walikuwa wamemnyang'anya simu Ok Seung-bin, mdogo wake wa kazini, kijana ambaye yeye mwenyewe alimshika mkono tangu siku anaingia. Ijumaa angeachishwa kazi. Kisa ni ripoti ya Eun-sol, iliyotoka wiki iliyopita, pale iliposema kwamba serikali iko tayari kurudi nyuma maili tano za bahari. Magazeti yaliirukia sentensi hiyo kama paka na samaki. Wavuvi wakaingia barabarani na ngoma, mazungumzo yakasimama. Na chini ya ukurasa, kwa herufi za kusakwa na miwani, kulikuwa na tanbihi ya kumi na saba: *Mazungumzo ya mwandishi na ofisa wa serikali, Seoul, 14 Machi.*

Asubuhi ya tarehe hiyo Seung-bin alihudhuria semina kwenye taasisi ya Eun-sol, na jina lake limo kwenye kitabu cha wageni. Wakaguzi wakaona wamemaliza kazi.

"Waliniuliza na mimi," Tae-gyeong akasema, sauti chini. "Nikawaambia nilimwona akienda. Ningefanyaje? Kweli alikwenda."

Eun-sol akanywa maji, yakapita njia isiyo yake, akakohoa mpaka meza ya jirani ikageuka.

"Taratibu. Sikuulizi nani alikwambia. Najua miiko ya kazi yenu."

"Ndiyo," akasema. "Miiko."

Ukiwa na lako la kuficha, miiko huwa blanketi zuri sana. Eun-sol alikuwa amejifunika gubigubi. Maana ofisa wa tanbihi ya kumi na saba ndiye huyo aliyekuwa anafyonza tambi mbele yake, na hana habari.

Ilikuwa hivi. Kwao, tarehe kumi na nne Machi ndiyo siku ya wanaume kuwapelekea wapenzi wao peremende. Tae-gyeong alikuja na boksi lake, wakachoma nyama, na soju ilipofika chupa ya tatu ulimi wake ukakosa breki. Akaitaja maili tano, akacheka, akalaza kichwa mezani. Kesho yake hakukumbuka hata nani alimwitia teksi. Eun-sol alikumbuka kila kitu. Ripoti yake ilikuwa imelala miezi minne bila uti wa mgongo, na uti wa mgongo wenyewe ukawa umemwangukia kati ya nyama na kimchi.

Na tarehe je? Hapo ndipo usomi ulipomponza. Angeandika "Machi" akanyamaza, nani angejua? Lakini ni yeye aliyekuwa akiwarudishia vijana wa ofisi kazi zao na kuwaambia kwamba tanbihi isiyo na tarehe ni umbea. Mkono ukaandika wenyewe.

Mchana huo, akiwa amerudi ofisini, simu ikalia. Ilikuwa meseji ya Seung-bin, kutoka kwenye simu ya mkewe.

*"Mtafiti Gu, samahani kwa usumbufu. Unajua sikukwambia chochote, nilikula biskuti za semina nikaondoka. Sikuombi umtaje mtu. Naomba useme tu kwamba si mimi. Mke wangu ana mimba ya pili."*

Akaisoma mara tano. Akaenda nayo kwa Mkurugenzi Maeng, ambaye wiki hiyo alikuwa na furaha ya bwana harusi, kwa kuwa taasisi ilikuwa imetajwa kwenye televisheni mara kumi na moja na alikuwa amezihesabu.

"Hatukanushi, hatuthibitishi," Maeng akamwambia. "Ukisema si huyu, kesho watakuletea mwingine. Keshokutwa mwingine. Utakanusha mpaka abaki mmoja."

"Na huyo mmoja?"

"Ndiye utakuwa umemchinja kwa mkono wako. Kaa kimya, Mtafiti Gu. Kukaa kimya nako ni utafiti."

Akarudi mezani kwake, akakaa. Akisema, anamchinja anayempenda. Asiposema, anachinjwa mtu aliyekula biskuti. Siku mbili alizunguka na hesabu hiyo, na kila alipoipiga jibu lilikuwa lilelile: mkosaji ni yeye, na yeye peke yake ndiye asiyechinjwa na mtu.

Alhamisi wakati wa chakula cha mchana akamwita Tae-gyeong kando ya kijito, pale watu wa maofisini wanapokwenda kutumbukiza miguu. Tae-gyeong akaja na kahawa mbili za barafu.

"Si Seung-bin," Eun-sol akasema kabla hajapokea.

"Daktari, unavunja miiko."

"Sivunji. Namwambia mwenye maneno yake."

Tae-gyeong akabaki na kahawa mbili mkononi kama mhudumu aliyesahau meza.

"Nilisema nini?"

"Maili tano."

"Nilikuwa nimelewa."

"Ulikuwa umelewa."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa mzima."

Akaziweka kahawa kwenye jiwe, moja, halafu ya pili. "Uliandika lini?"

"Nilipofika nyumbani. Sijavua hata koti."

"Usiku ule ulinitumia meseji, *nimefika salama, lala vizuri.* Niliiona asubuhi, kichwa kinagonga, nikasema, kumbe nina mtu." Akamtazama. "Kipi kilitangulia, Eun-sol? Meseji yangu au maili tano?"

Hapo uongo mdogo ungefaa. Uongo wa huruma, usio na tarehe.

"Maili tano," akasema.

Tae-gyeong akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa jina lake kwenye orodha aliyokwishaiona. "Niliiona ile tarehe siku ya kwanza," akasema. "Nikajiambia haiwezekani, nilikuwa nakula nyama na mpenzi wangu. Ndiyo maana waliponiuliza, nikalikimbilia jina la Seung-bin. Hawakuwa wamenibana. Nilitaka tu liwe jina la mtu mwingine."

Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akainama chini kabisa, kama anavyoinamiwa mgeni rasmi.

"Mtafiti Mwandamizi Gu, nashukuru kwa taarifa."

Hakuna tusi lililowahi kumpasua Eun-sol kama adabu ile.

Saa nane Tae-gyeong alikuwa mbele ya wakaguzi, akijitaja mwenyewe na kuyafuta maneno yake juu ya Seung-bin. Ijumaa Seung-bin akarudishiwa simu na kiti chake. Tae-gyeong akatolewa kwenye timu, akapelekwa chumba cha nyaraka, anakopiga chafya kuanzia asubuhi. Eun-sol naye akamwandikia Maeng barua, akaeleza kwamba ofisa wa tanbihi ile hakujua kama anahojiwa. Ripoti ikaondolewa. Kadi zake mpya zikaja bila neno "mwandamizi", limekatwa kama mkia.

Usidhani adhabu ilimpa nafuu. Alimwandikia Tae-gyeong meseji kumi na nne, zikasomwa zote, haikujibiwa hata moja. Alikuwa akizinduka katikati ya mkutano akimwona na zile kahawa mbili. Wiki tisa zikapita hivyo.

Jumapili moja ya Septemba, asubuhi, simu ikaita.

"Usidhani nimekusamehe," Tae-gyeong akasema.

"Sijadhani."

"Nimempigia Seung-bin, nataka kwenda kwake kuomba radhi. Simu ikachukuliwa na mkewe, Mama Da-on. Kasema hapokei wakosaji mmojammoja. Kasema twende wote wawili kwa mpigo, ana mimba ya miezi minane na pumzi ya kugomba mara mbili hana."

Eun-sol akataka kucheka, akaogopa kwamba hana haki hiyo.

"Niende kama nani wako?"

Ikasikika chafya.

"Kama mkosaji," akasema. "Mimi nitakuwa upande huohuo. Nafasi ipo."

Walikutana chini ya jengo, wakanunua sanduku la peari, wakapanda lifti mpaka ghorofa ya kumi na mbili. Kati yao kulikuwa na hatua moja, hakuna aliyeipunguza. Mama Da-on akafungua mlango, tumbo likitangulia, akawakagua kuanzia viatu.

"Haya. Nani kati yenu alimponza mume wangu?"

"Mimi," wakasema wote kwa pamoja.

"Hapana, ni mimi niliyeandika," Eun-sol akasema. "Na tarehe nikaweka."

"Jina nililitoa mimi," Tae-gyeong akasema. "Yeye hakumtaja mtu."

"Lakini kama nisingeandika—"

"Eun-sol, nyamaza, hili langu."

Mama Da-on akageuza kichwa ndani. "Baba Da-on, njoo uone maajabu. Watu wanagombania kosa kama wanagombania kulipa chakula." Kisha akawageukia, uso bado haujalainika. "Vueni viatu. Nimesema ingieni, sijasema yamekwisha."

Ukumbini Seung-bin alikuwa amesimama, hajui aweke wapi macho. Peari zikatolewa kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka: mmoja wa Tae-gyeong, mmoja wa Eun-sol.