Bastola Isiyokwama

Kilichomtia Sajini Sixbert wasiwasi kwanza ni ile bastola kunukia udi. Udi ni wa chumbani kwa mtu na mkewe, jamani, si wa ghala la silaha la kambi ndogo nje ya Kitomanga.

Siku hiyo Kapteni Damiani alikuwa akichagua bastola ya kwenda nayo doria. Sixbert, mtunza ghala, alizimwagia zote mchanga, maana silaha ya vita haichagui pa kuangukia. Zilipojaribiwa, nyingine zikakwama. Ile iliyonukia udi ikalia mpaka magazini ikaisha. Kapteni akacheka, akasema hiyo ndiyo yake. Sixbert hakucheka. Kifungo chake cha usalama, kile kinachozuia risasi kutoka, alikuwa amekifunga mwenyewe, na hakuna mkono uliokigusa.

"Afande, hii siiamini," alinong'ona. "Bastola nzuri hulia ukitaka, na usipotaka hunyamaza. Hii kunyamaza haijui."

Kapteni akamwambia aache ushirikina. Kesho yake wangeijaribu tena, kisha aondoke nayo.

Mchana kabatini kukalia kha-chak, chuma kikijikoki chenyewe, na Sixbert akakumbuka kwamba mafuta ya silaha yalikuwa yamekwisha, kwamba asubuhi ile alibeba kichupa cha mafuta ya nazi kutoka jikoni kwake, kwamba yalitosha bastola moja tu, na ndiyo hiyo.

Akampigia simu mkewe, Romana, akamuuliza kile kichupa nyuma ya chungu kilikuwa cha nini.

"Baba Valentini, umekigusa? Ndimo mganga wetu, fundi Abilahi, alimomfungia yule jini wangu. Nilikuwa nasubiri nikakimwage baharini Kivinje."

Yule wake! Yule aliyemfanya mwaka jana asimjue hata mwanawe wa kumzaa. Sixbert akampigia fundi, akamwamkia shikamoo kwa sauti ya mtoto. Fundi alisema kila kilichoguswa na mafuta yale kioshwe kwa maji ya bahari, na kisirudi nyumbani kabla ya hapo, kwani jini huyo njia anaijua.

Akaagiza dumu la maji ya bahari. Kuosha bastola kwa maji ya chumvi ni dhambi kwa mtunza silaha, lakini aliiosha mpaka harufu ikaisha.

Kesho yake bastola ikakwama risasi ya pili. Kapteni akasonya, akachukua nyingine. Sixbert nusura aibusu.

Alirudi nyumbani moyo mweupe. Romana alikuwa uani, amempa mgongo, ameinamia beseni, akifua sare aliyoivua mumewe jana. Mkononi alishika kitambaa kilichokuwa mfukoni mwa suruali, kile ambacho Sixbert alipakia bastola mafuta akakiweka humo, kwa tabia ya kila mtunza ghala ya kutotupa kitambaa. Ua zima lilinukia udi.

"Mama Valentini?"

Hakugeuka. Kooni mwake kukalia kha-chak.

"Mimi sikwami, Sixbert," alisema. Tangu waoane, Romana hakuwahi kumwita mumewe kwa jina lake.