Mchanga wa Lipu kwenye Tangi la Samaki

Fundi alikuwa mwashi. Alianza kushika mwiko akiwa na miaka kumi na saba, na sasa kichwa chake kilikuwa na mvi. Kila jioni alirudi nyumbani na mchanga ndani ya viatu. Mkewe, mshonaji wa mapazia, alimwambia avivulie mlangoni. Kila jioni Fundi alisahau.

Sebuleni, karibu na cherehani, palikuwa na tangi la kioo. Lilikuwa la Bibi, mama yake Fundi. Humo waliishi samaki wadogo sita na kambare mmoja mfupi, mnene, mwenye ndevu. Bibi alimwita Mzee. Huo ulikuwa mwaka wa tisa akimfuga. Fundi akiwa kazini na mkewe akiwa amepeleka mapazia kwa wateja, Bibi alikaa mbele ya tangi na kumsimulia Mzee habari za majirani. Mzee hakuwahi kumbishia.

Lakini Bibi alikuwa na mtoto wa jicho. Kwa miaka miwili Mzee alikuwa kivuli tu kinachopita. Mwishowe daktari alikubali kumpasua jicho moja. Bibi akaenda kukaa wiki moja kwa binti yake, karibu na hospitali.

"Mwanangu, nakuachia Mzee," alisema mlangoni. "Nikirudi nataka nimtazame mpaka nichoke."

"Nenda salama, Mama. Yuko mikononi mwangu."

Hapo ndipo Fundi alipopata wazo. Tangi lilikuwa na changarawe nyeusi. Mzee mwenyewe alikuwa mweusi. Jicho jipya lingemwonaje?

"Nitamtilia mchanga mweupe," alimwambia mkewe. "Mama atafurahi."

"Unajua mchanga wa samaki ukoje?"

"Mimi? Mchanga nimeula miaka thelathini! Unifundishe mchanga?"

Mkewe akarudi kwenye cherehani. Ukimgusa Fundi kwenye mchanga, umemgusa pabaya.

Jumatano Fundi alikuja na ndoo ya mchanga mweupe kutoka kazini. Ulikuwa mchanga mzuri wa kupiga lipu, wenye punje kali zinazoshika ukuta. Alikuwa ameuchota kando ya mifuko ya chokaa. Akauosha kwa maji mara moja tu. Akatoa samaki na changarawe, akamimina mchanga, akajaza tangi maji ya bomba, akawarudisha samaki.

Maji yakawa meupe kama uji.

"Yatatulia," alisema.

Alhamisi asubuhi maji yalikuwa yametulia kidogo. Mkewe ndiye aliyetangulia kuona. Akapiga kelele. Samaki mmoja mdogo alikuwa anaelea, tumbo juu. Wengine walikuwa juu kabisa ya maji, midomo wazi, wakihema. Mzee alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga. Ndevu zake zilikuwa nyekundu.

Fundi alikimbilia tangi. Akagonga kioo. Mzee hakusogea.

Wakati huohuo simu ikaita. Ilikuwa Bibi.

"Mwanangu, jicho limepasuliwa vizuri. Mzee hajambo?"

Fundi alitazama tangi.

"Hajambo, Mama. Hajambo kabisa."

"Mbona sauti yako hivyo?"

"Ni... ni vumbi tu, Mama. Vumbi la kazini."

"Vumbi?" Bibi alirudia. "Haya," alisema, na simu ikakatika.

"Umemdanganya mama yako," mkewe alisema.

"Ningemwambia nini? Daktari amesema asilie! Akilia jicho likaharibika je? Anarudi Jumamosi. Afunguliwe jicho aje kuona mzoga?" Alikuwa akizungukazunguka sebuleni. Mkewe hakuwahi kumwona hivyo, hata siku alipoanguka kwenye jukwaa la kazini.

Mkewe alitoka mbio hadi nyumba ya tatu, kwa jirani yao Dada Maji. Huyu alifanya kazi kwenye mitambo ya maji ya mji, kazi ya kuyapima na kuyachuja. Alikuja na kanga yake ya asubuhi na mswaki mkononi.

"Maji mliyokinga siku nyingi mnayo?" aliuliza.

"Yapo kwenye pipa. Ya tangu Jumatatu."

"Mazuri. Ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu. Yakikaa wazi siku mbili tatu, dawa kama tunayotia sisi hupungua. Leteni ndoo kubwa."

Walichota maji ya tangi kidogo, wakayatia kwenye ndoo, wakawahamisha samaki. Kisha Dada Maji akaongeza maji ya pipa kwa kikombe. Kikombe kimoja, akasubiri. Kingine, akasubiri.

"Mwaga yote!" Fundi alisema. "Anakufa!"

"Ukimbadilishia maji ghafla ndiyo utammaliza. Tulia, Fundi. Lete ule mpira wa hewa wa tangi."

Waliweka mpira wa kutoa mapovu ya hewa ndani ya ndoo. Wakakaa sakafuni kuizunguka. Fundi aliyatazama mashavu ya Mzee, ambayo samaki hupumulia. Yalifunguka. Yakafunga. Kila yalipokawia, Fundi naye alizuia pumzi. Baada ya saa nzima Mzee alijigeuza, akalalia tumbo.

"Sijasema amepona," Dada Maji alisema. "Ila bado anapigana. Sasa nipe siki."

Alichota mchanga wa tangi kwenye kisahani, akaudondoshea siki. Ukatoa povu na kuchemka.

"Unaona? Una chokaa. Chokaa inabadilisha maji, yanakuwa makali kwa samaki. Mchanga wenye vipande vya kombe za baharini hufanya hivyo pia. Sasa usugue kwa vidole."

Fundi akasugua. "Unakwaruza."

"Kambare anachimba kwa mdomo na ndevu. Ulimlaza kama kwenye vipande vya vioo. Na lile vumbi limemjaa kwenye mashavu, ndiyo maana wanahema." Akamtazama. "Hebu niambie. Kazini mchanga mnaupima vipi?"

"Natia kwenye chupa, naongeza maji, natikisa, nauacha utulie. Tope likikaa juu nene, naukataa."

"Na huu uliutia kwenye chupa?"

Fundi aliinamisha kichwa. Kwa ukuta wa mtu asiyemjua alipima. Kwa mama yake hakupima.

"Nifanye nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Duka la mabomba wanauza mchanga wa kuchujia maji, kama tunaotumia sisi. Chukua wenye punje za mviringo, ukubwa wa sukari. Usichukue wa pwani, una chumvi. Wala usichukue laini kama unga, utashikana na kuoza chini. Na uupime kabla ya kununua."

Fundi alikwenda dukani na kichupa cha siki mfukoni. Muuzaji alimcheka.

"Baba, unataka kuula?"

"Nimekwisha kuula miaka thelathini," Fundi alijibu. Hakucheka. Akadondosha siki. Mchanga haukutoa povu. Akausugua. Haukukwaruza. Akatikisa kidogo kwenye chupa ya maji. Tope lilikuwa jembamba kama uzi.

Ijumaa hakwenda kazini. Aliosha mchanga uani, akijaza ndoo nusu tu, maji yakiingia kwa mpira huku mkono wake ukikoroga hadi chini. Akamwaga maji machafu, akarudia. Mkewe alileta sabuni.

"Hapana!" Fundi aliruka. "Hata tone! Dada Maji amesema sabuni haitoki yote, inaua."

Aliosha mara kumi na nne, mpaka maji yakabaki safi kama ya kunywa. Akaumwaga mchanga mbaya, akalisuuza tangi. Mawe aliyaweka kwanza juu ya kioo chenyewe, ili kambare akichimba yasimwangukie. Kisha akatandaza mchanga, kina cha vidole vitatu vilivyolala. Akaweka sahani juu yake na kumimina maji ya pipa taratibu juu ya sahani, mchanga usitibuke. Sponji ya chujio la maji la tangi hakuiosha kwa maji ya bomba. Aliisuuza kwa maji ya ndoo ya samaki, kwa sababu ndani yake huishi vijidudu vizuri vinavyosafisha maji.

Kila alipomaliza jambo moja, alikwenda kuchungulia ndoo. Mzee alikuwa hai. Lakini hakula.

Bibi alipiga simu mara mbili siku ile. Fundi aliiacha iite.

Jumamosi asubuhi maji ya tangi yalikuwa safi. Waliwarudisha samaki, kikombe kwa kikombe. Mzee alizama chini, akakaa bila kusogea. Saa nne mlango uligongwa.

Bibi aliingia na miwani mieusi, ameshikwa mkono na binti yake. Hakuelekea kwenye tangi. Alikwenda moja kwa moja kwa Fundi, akavua miwani, akamtazama usoni.

"Mama, nisamehe," Fundi alisema. "Nilikudanganya. Nilitia mchanga mbaya. Samaki mmoja amekufa. Mzee nusura afe. Niliogopa kukuambia."

"Samaki?" Bibi alisema. "Ni samaki tu?"

"Ni samaki, Mama."

"Na lile vumbi?"

"Hakukuwa na vumbi."

Bibi alimpiga kofi la begani, kisha akashika shati lake kwa mikono miwili. "Siku mbili sijalala! Marehemu baba yako naye aliniambia ni vumbi tu. Mwashi kama wewe. Vumbi tu, vumbi tu, mpaka kifua kikamuua. Nikipiga, hupokei! Nimejilaza na jicho limefungwa nikisema, mwanangu anakwenda njia ya baba yake, na ananificha."

"Mama, usilie. Daktari—"

"Nyamaza. Vuta pumzi."

Alilaza sikio kwenye kifua cha mwanawe. Fundi alivuta pumzi, akaitoa. Akavuta tena. Sebule nzima ilisubiri.

"Kisafi," Bibi alisema mwishowe. "Lakini Jumatatu unakwenda kupimwa, na ukikoroga saruji unafunga barakoa. Haya, nipeni kiti. Nimekatazwa kuinama."

Walimkalisha mbele ya tangi. Juu ya mchanga ule Mzee alionekana mwili mzima, hadi ncha za ndevu. Aliusukuma mdomo wake mchangani. Akachota mchanga, akautoa kwenye mashavu, akasogea hatua moja, akachota tena.

"Anafanya nini?" Bibi alinong'ona.

"Anatafuta chakula, Mama. Ana njaa."

Bibi alitazama kwa muda mrefu. Alihesabu samaki wadogo kwa kidole.

"Watano," alisema. "Kesho ukiua wa pili, niambie siku hiyohiyo."