Jani la Isale

Sadoki, rafiki yangu wa Akeri, si mtu wa kuongeza chumvi. Enzi za Mwingereza alicheza fainali ya sataranji mjini Arusha na Nanyaro, mwalimu mwenzake. Nanyaro, mwenye kete nyeupe, alifungua kama kawaida yake: askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili. Alipozidiwa, akaweka jani la isale ubaoni. Kwetu Meru, anayekupa isale anaomba amani, na huwezi kumkatalia.

Sadoki akalitupa sakafuni. "Huu ni mchezo, mwalimu. Cheza!"

Wakacheza mpaka wakabaki wafalme wawili tu. Sare. Nanyaro akasema taratibu, "Hatujamalizana."

Mwezi haukuisha, tukamzika Nanyaro.

Mwaka uliofuata Sadoki alitumwa stoo ya mashindano kuchukua kete. Mvua ilikuwa imeutia mchana giza. Akiwa anafungua kufuli, akasikia ndani: ko. Kama kete inapowekwa ubaoni. Akaita. Akaingia. Akawasha kiberiti.

Ubao ulikuwa mezani, kete zote zimepangwa. Askari wa mfalme mweupe alikuwa ameshasogea hatua mbili.

Sadoki akatafuta jani la isale, mezani, sakafuni, mpaka njiti ikamchoma vidole. Halikuwepo.