Alisema Anaipeleka Polisi

Nina miaka arobaini na nane. Shule niliishia darasa la nne, lakini hapa mtaani kwetu, Picha ya Ndege, ukimuulizia mzee wa tofali, hata mtoto atakuonyesha geti langu. Nyumba mbili, pikapu, mashine tatu za tofali, na shamba la ekari nane kule Kisarawe. Hakuna aliyenishika mkono. Sisemi kwa kujisifu... au basi, najisifu kidogo, maana nimevitolea jasho. Lakini ndugu wasomaji, mikono hii iliyojenga ndiyo iliyomtoa jicho mtu asiye na kosa.

Chuki yangu na polisi ni ya zamani. Nikiwa kijana nauza maji barabarani Mlandizi, askari mmoja alitaka katoni nzima bure. Nikakataa. Alinizaba kofi, sikio la kushoto likafa hadi leo. Askari mmoja tu! Lakini mimi nikasema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Nikaibiwa mara tatu maishani, kituoni sikukanyaga.

Kule shambani mimi na majirani tukaanzisha ulinzi wetu wenyewe, na filimbi nilinunua mimi. Sheria pia niliitunga mimi. Filimbi ikilia, kila mwanaume anatoka. Na kila aliyefika lazima apige, hata fimbo moja, asibaki wa kuwa shahidi. Kama wote tumepiga, nani atamchongea mwenzake? Nilijiona nina akili kuliko mawakili.

Miaka minne iliyopita, kiangazi, pampu yangu ya kumwagilia ikaibiwa. Mke wangu akaniambia, "Baba Zuhura, nenda karipoti. Hata wasipoipata, umeripoti."

Nikamjibu, "Niwapelekee wezi habari ya wizi?"

Laiti ningemsikiliza...

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa njiani kuelekea shambani na jirani yangu Shomari. Tukamwona mfugaji mmoja, Mang'ati kama tunavyowaita, anaswaga punda. Juu ya punda kuna pampu yangu, rangi ya bluu, na alama niliyoipiga mwenyewe kwa msumari.

Nikamuuliza ameitoa wapi. Akasema ng'ombe wake waliingia korongoni, akaikuta imefunikwa majani.

"Sasa unaipeleka wapi?"

"Polisi," akasema. "Nimeshawapigia. Wamesema niwakute barabarani."

Shomari akacheka. "Mang'ati na polisi wapi na wapi? Huyu anatuona watoto."

Ndugu zangu, neno lile ndilo lililommaliza. Angesema anaipeleka sokoni, labda ningemwacha aeleze. Lakini polisi? Nani mwenye akili zake anaokota mali akaipeleka polisi? Kwangu mimi huo ulikuwa ushahidi tosha. Na hawa wafugaji nilishawahukumu kitambo, tangu ng'ombe wa mmoja wao walipokula mahindi yangu.

Nikapuliza filimbi.

Walifika watu kumi na watatu, na majembe, na fimbo. Wa kwanza kupiga nilikuwa mimi, kwa mpini wa jembe, mgongoni. Akaanguka kwa magoti. Akasema, "Mzee, mpigie afande, namba iko kwenye simu." Shomari akaikanyaga ile simu. Wakapiga, mmoja mmoja, kwa zamu, kama sheria yangu ilivyosema. Pigo langu la pili lilimpata usoni. Nilisikia mfupa. Jicho likajaa damu, akaacha kuomba.

Ndipo bodaboda ikasimama. Akashuka mwanamke wa makamo, ana sare ya polisi, hana bunduki, yuko peke yake. Hakupiga kelele. Alipita katikati ya fimbo akamlalia yule mtu kifudifudi. Na mimi, nilivyoiona ile sare... nikanyanyua mpini. Nilimvunja mkono.

Akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu alinipigia mimi. Nimekuja kuichukua pampu nimtafute mwenyewe."

Mwenyewe ni mimi.

Nilipogeuka, wenzangu walikuwa wanatokomea kwenye mikorosho. Nikatupa mpini, nikakimbia kuleta pikapu niliyoiacha barabarani. Tulimpakia mimi na yule afande, kwa mkono wake mmoja uliobaki mzima.

Mahakamani, watu wangu kumi na watatu walisema hawakuwepo. Shomari aliapa alinikuta peke yangu nampiga mtu. Nikamsubiri afande, nikijua sasa ndiyo ananizika, maana mkono wake haujanyooka mpaka leo. Akasema nilimpiga mara moja, ni kweli. Akasema walikuwepo wengi, sikuwa peke yangu, na ni kweli. Akasema gari la kumpeleka majeruhi nilileta mimi. Hakuongeza, hakupunguza. Nilifungwa, lakini bila maneno yake ningeozea huko.

Aliyeiba pampu sijamjua mpaka leo.

Nilipotoka, nilikwenda bomani kwa Gidamuda, ndilo jina la yule mfugaji. Jicho moja halipo, na mguu mmoja anauburuta, hawezi tena kufuata ng'ombe. Alinipa kigoda. Binti yake wa miaka kama tisa aliponiona, alikimbilia ndani akajifungia.

Gidamuda akasema, "Anaogopa Waswahili. Nimemwambia siyo wote mko vile. Hasikii."

Nilikaa pale, mtu mzima mwenye nyumba mbili, nikiutazama ule mlango. Nimwambie nini mtoto yule?

Ndugu msomaji, askari wabaya wapo, nami sitawaficha. Lakini ukikosewa na mtu, mshike huyo huyo kwa jina lake. Na ukisikia filimbi, usitoke na fimbo. Toka na simu. Mimi kila mwezi napeleka gunia la mahindi kwa Gidamuda, na kila nikifika, ule mlango unafungwa.