Waliopona kwa Doña Brígida

Casilda Marbán tuliishi naye jengo moja kule Soria, mji wa baridi kaskazini mwa Hispania, wao ghorofa ya kwanza, sisi ya pili, na chini lilikuwa duka lao la mikate. Haya yaliyomkuta alimsimulia mama yangu mchana mmoja jikoni kwetu, amekaa na koti lake mwilini, wala hakulivua mpaka alipomaliza.

Mumewe, Eloy, alioka mikate miaka thelathini na minane, na unga ukamkaa kifuani. Kila baridi ilipoingia alikohoa mpaka akajikunja kama kisu cha mfukoni. Daktari hakumficha: baridi moja zaidi ya Soria na hutaiona nyingine. Hamia pwani, kwenye joto, wala usipande ngazi. Basi Septemba wakafunga duka, wakapakia gari, wakateremka hadi mji mmoja mdogo wa pwani ya kusini, upande wa Almería, kutafuta nyumba ya kupanga.

Asubuhi ya kwanza dalali aliwaonyesha nyumba mbili. Ya kwanza ilitazama bahari, ina kibaraza na jua tele.

"Ila mwisho wa Juni mnatoka," dalali akasema. "Julai na Agosti ni za watu wa Madrid wanaokuja likizo."

"Sisi tukalale wapi?" Casilda akauliza.

"Kwa shemeji yako," Eloy akadakia. "Si ana zizi?" Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, wakasubiri kiishe.

Ya pili ilikuwa ghorofa ya nne, na lifti ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Eloy alifika ya pili, akaketi kwenye ngazi, midomo imekuwa ya buluu. Casilda alimshika mkono wakashuka taratibu, na dalali akaaga kwamba ana wateja wengine.

Pale chini, mlangoni, alisimama kikongwe aliyevaa nguo nyeusi, mfupi, nywele amezichana vizuri. Akajitambulisha kwa heshima zote kuwa ni Doña Brígida.

"Kwangu hakuna ngazi, binti yangu," akamwambia Casilda. "Na unapanga mwaka mzima."

"Hata Julai?"

"Hata Julai, hata Agosti. Mpaka mchoke wenyewe." Alisema na Casilda, lakini macho yake yalikuwa kwa Eloy. "Mgonjwa ni huyu?"

"Ni kifua, mama."

"Vizuri," kikongwe akasema.

Nyumba yenyewe zamani ilikuwa ghala la kukaushia samaki kwa chumvi. Kuta zilikuwa nene kama urefu wa mkono wa mtu. Kulikuwa na chumba cha mbele, jiko, na chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Doña Brígida aliwaelekeza kwamba mume alale kile cha nyuma wakati wa mapumziko ya mchana, kina ubaridi mzuri, na mke apumzike mbele. Eloy aliingia mle, akavuta pumzi ndefu, akatoka anatabasamu.

"Casi, hapa napumua."

Casilda alikuwa hajamwona akitabasamu hivyo tangu mwaka juzi. Wakasaini palepale. Kitanda cha chumba cha nyuma kilikuwa tayari kimetandikwa, shuka mpya, mto mmoja.

Kesho yake alikwenda sokoni, kwa muuza samaki aliyeitwa Práxedes, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mpaka gatini.

"Mgeni! Mmepanga wapi, mpenzi?"

"Kwa Doña Brígida."

Práxedes akaacha kupara samaki. "Una mgonjwa?"

"Mume wangu."

"Atapona." Akashusha sauti, yeye aliyekuwa hajui kunong'ona. "Pale wote wanapona. Wewe umwangalie akishapona."

"Nimwangalie nini?"

Práxedes akafunga samaki kwenye karatasi na kumpa. Akaonyesha kwa kisu upande wa gati, ambako wanaume wanne walikuwa wameketi kwenye benchi wanacheza domino. Wazee wenye afya, wekundu mashavuni, kichwa wazi katika jua kali lile. Casilda alipita karibu yao akirudi. Walicheza bila neno. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jasho.

Kweli Eloy akapona. Kila siku saa tisa, mji mzima ukishusha mapazia ya mbao na barabara zikibaki na paka tu, alikwenda kulala chumba cha nyuma. Kila siku alitoka mwepesi zaidi. Wiki ya kwanza alitembea mpaka kona. Ya pili, mpaka gati. Ya tatu, kikohozi kikakoma kabisa. Casilda aliwasha mshumaa kanisani akalia kwa furaha. Alimpigia dada yake simu: tumeponea hapa, hatutoki tena.

Ila kulikuwa na mambo madogo. Eloy, maisha yake yote, hakukata mkate kabla ya kuugeuza, kuugonga kitakoni kwa kidole na kuusikiliza. Alifanya hivyo hata arusini kwao. Sasa aliumega tu na kutafuna, anatazama ukuta. Usiku hakujigeuza kitandani. Na siku moja Casilda alimpelekea kofia gatini, akamkuta kwenye benchi, wa tano, anacheza domino.

"Jua litakuua, vaa."

Akaichukua, akaiweka mapajani. Wale wanne wakageuza vichwa kwa pamoja, wakamtazama mpaka akaondoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Práxedes, aliyekuwa anafunga meza yake.

"Wale ni nani?"

"Wapangaji wa zamani wa Brígida. Kila mmoja alikuja na mkewe, mahututi."

"Na wake zao?"

"Waliondoka, mmoja mmoja. Wa mwisho alipita hapa anakimbia, miguu mitupu. Aliniambia neno moja tu." Práxedes akatazama huku na huku. "Alisema, 'Nimemwacha ndani.' Na mumewe tunamwona yule pale, anacheza."

Casilda alirudi nyumbani. Ilikuwa saa tisa na nusu, wakati wake wa kulala, lakini Eloy bado yuko gatini. Mlango aliufungua mwenyewe kwa ufunguo. Ndani kimya.

Kisha akasikia mtu anakohoa.

Alikijua kikohozi kile. Alilala nacho miaka. Kilianza kikavu, kikapanda, kikashika, kikaishia na mluzi mwembamba. Kilitoka chumba cha nyuma.

Akasimama mlangoni. Kitanda kitupu. Shuka limenyooka. Kikohozi kikaja tena, si kitandani. Ukutani.

"Casi," ukuta ukanong'ona. "Maji."

Akashika fremu ya mlango.

"Nani?"

"Mimi. Kila nikilala wananivuta kidogo. Sasa nimeingia mzima."

"Kina nani?"

"Tuko watano. Tumebanana."

Casilda hakutaka kuamini. Alitaka kukimbia, lakini je, kama ni yeye? Basi akauliza jambo moja ambalo hakuna kiumbe aliyelijua zaidi yao wawili. Mwaka wa tatu wa ndoa walipata mtoto aliyezaliwa amekufa. Hawakumwandikisha, hawakumwambia padri, hawakumwambia mtu. Lakini walimpa jina.

"Yule mtoto," akasema. "Tulimwita nani?"

Mluzi wa kifua. Kisha, polepole:

"Olalla. Nilimfunga kwa aproni yangu, ile safi."

Casilda akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa na joto. Ulikuwa unapanda na kushuka.

Nyuma yake mlango wa barabarani ukafunguka.

Hatua zikaja. Si za haraka. Zikasimama mgongoni kwake.

"Unaongea na nani, mke wangu?"

Eloy hakuwahi kumwita mke wangu. Siku zote Casi. Akageuka. Alikuwa amesimama wima, mashavu mekundu, mkavu kama karatasi baada ya kutembea juani. Mzuri. Kijana zaidi kuliko alivyokuja.

"Nilikuwa namkumbuka mtoto," Casilda akasema.

"Mtoto gani?"

Akasema kwa upole kabisa. Hata hakujaribu kudanganya.

"Nimesahau samaki sokoni," Casilda akasema. "Nakwenda kuchukua."

"Nenda."

Lakini kwanza akageukia ukuta. Akaegemeza paji la uso pale na kunong'ona, "Eloy, twende. Shika nguo yangu. Usiniachie." Kisha akatembea. Hakukimbia. Alipopita kando ya yule mwingine, alihisi sketi yake ikivutwa nyuma, nzito, kama inavyovutwa na mtoto sokoni. Hakugeuka. Yule mwingine naye alitazama sketi. Kwa mara ya kwanza uso wake ukakunjamana.

"Huyo ni wa nyumba," akasema.

Casilda akatoka. Nje barabara nyeupe kwa jua, mapazia yote yameshushwa. Doña Brígida aliketi kwenye kiti mlangoni kwake, mkabala na nyumba ile, anamenya maharage. Alinyanyua macho, akatazama nyuma ya Casilda, na bakuli likamponyoka. Maharage yakatawanyika mpaka barabarani.

"Binti," akasema. "Mrudishe. Mrudishe, nyumba itanidai mimi."

Casilda alifika kwenye gari lao, akafungua mlango wa abiria, akasubiri, akaufunga. Akazunguka, akawasha gari. Kabla hajafika kona, kengele ya mkanda ikaanza kulia, na taa nyekundu ikawaka: abiria hajafunga mkanda. Kiti kilikuwa kitupu. Akanyoosha mkono, akauvuta ule mkanda, akaufunga. Kengele ikanyamaza. Akaendesha mpaka Soria bila kusimama, na hakuna aliyesema neno njia nzima.

Siku nne baadaye Práxedes alimpigia simu. Yule mwanaume bado anacheza domino. Doña Brígida hajaonekana tangu mchana ule. Mlango wake umefungwa kwa ndani, na walioingia na fundi wa kufuli hawakumkuta, ila katika chumba cha nyuma cha lile ghala wanasema kuna kikongwe anayelia.

Casilda alipomaliza, mama yangu akamchemshia supu ya vitunguu saumu. Mimi nilitumwa chini kumletea mkoba wake uliobaki garini. Ilikuwa Novemba, theluji imeanza, gari limelala nje siku nne, vioo vyote vimeganda barafu.

Vyote isipokuwa kimoja. Cha abiria kilikuwa na duara la ukungu, kwa ndani, usawa wa mdomo wa mtu aliyeketi. Nikasimama nikilitazama. Likafifia. Likarudi. Likafifia. Na katikati yake, mbele ya macho yangu, kidole kisichoonekana kikaanza kuandika jina langu, kama Eloy alivyozoea kuniandikia kwenye unga dukani.